Programu bila daftari hupotea bila habari

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walimlenga mwenye duka na mwenye jahazi, lakini siku hizi huenda hakuna anayeuhitaji usia huo kuliko kijana aliyeketi mbele ya kompyuta akiandika programu.

Programu ni mali. Huandikwa kwa miezi, hurekebishwa kwa miaka, na mara nyingi riziki ya watu wasioijua hata kwa jina hutegemea mistari yake. Hata hivyo, waandishi wengi chipukizi huitunza kama mtu anayeficha akiba yake chini ya godoro. Faili moja huitwa "mwisho", inayofuata "mwisho kabisa", na ya tatu "mwisho ya kweli". Baada ya miezi miwili hata mwenyewe hajui ipi ndiyo inayofanya kazi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuweka daftari la mabadiliko ya programu kwa kutumia madirisha na vitufe, bila kukariri amri za kuandikwa. Mfano wetu ni Leparua katika Kaunti ya Isiolo, kwa sababu chombo kinachoweza kutumika malishoni kinaweza kutumika popote.

Kwa nini Leparua

Leparua ni eneo la wafugaji linalopakana na Hifadhi ya Wanyamapori ya Lewa. Wenyeji wana hifadhi yao ya jamii, ambayo ni miongoni mwa zile zilizojiunga na shirika la Northern Rangelands Trust lililoanzishwa mwaka 2004. Asiyezifahamu nyanda hizo anaweza kudhani kwamba programu za kompyuta hazina kazi huko. Ukweli ni kinyume.

Hapo jirani, Lewa ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kutumia EarthRanger, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Vulcan ya marehemu Paul Allen. Programu hiyo hukusanya katika ramani moja taarifa za askari wa doria na za wanyama waliofungwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao.

Mfano wa pili unamgusa mfugaji mfukoni. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walianzisha Marsabit bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti, na mwaka 2013 mpango huo ukafika Isiolo na Wajir. Katika bima hiyo hakuna afisa anayekwenda bomani kuhesabu mizoga. Kompyuta hupima ukijani wa malisho kutoka angani, huulinganisha na wa miaka iliyopita, na matokeo ya hesabu hiyo ndiyo huamua kama mfugaji atalipwa na atalipwa kiasi gani.

Kanuni ya hesabu hiyo imewahi kubadilishwa. Mwanzoni ilikadiria mifugo waliokufa. Baadaye ikageuzwa ili malipo yatoke mapema, mfugaji aweze kununua lishe na maji kabla ya mifugo kufa. Mabadiliko ya aina hiyo huishia katika mistari michache tu ya maandishi ya programu, lakini kwa familia ya mfugaji ni tofauti kati ya kubaki na kundi na kubaki na kamba.

Basi msomaji na ajiulize: mstari kama huo ukibadilishwa leo, ni nani aliyeubadilisha? Lini? Kwa sababu gani? Na ikigunduliwa kwamba amekosea, je, ule wa zamani bado upo mahali fulani? Maswali hayo manne ndiyo yanayojibiwa na daftari tunalolizungumzia.

Daftari lenyewe ni nini

Maandishi ambayo mwandishi wa programu huyatunga huitwa msimbo. Ni maandishi ya kawaida, mstari baada ya mstari, na alama moja ikikosewa programu nzima inaweza kukwama. Mfumo wa kudhibiti matoleo ni programu nyingine inayokaa kando ya msimbo huo na kuandika kila badiliko: mstari upi umeondolewa, upi umeongezwa, nani kafanya hivyo, tarehe na saa ngapi, pamoja na maelezo mafupi ya sababu.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa maabara ya Bell nchini Marekani alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS. Ulifuatwa na RCS miaka ya mwanzo ya 1980, kisha CVS, na mwaka 2000 kazi ya kutengeneza Subversion ikaanza. CVS na Subversion zilikuwa na tabia moja ya kukumbukwa: daftari kuu lilikaa katika kompyuta moja kubwa, na mtumiaji aliyetaka kuandika humo alilazimika kuunganishwa nayo.

Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alianza kutengeneza mfumo mpya alioupa jina Git. Yeye na wenzake walikuwa wakitumia mfumo wa kibiashara wa BitKeeper bila malipo, na ruhusa hiyo ilipoondolewa alilazimika kutafuta njia nyingine. Miezi michache baadaye alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wa kazi hiyo. Leo Git ndiyo inayotumiwa na idadi kubwa mno ya waandishi wa programu duniani.

Tofauti kubwa ya Git ni kwamba kila mshiriki hubeba daftari zima. Kompyuta yako huwa na historia yote tangu siku ya kwanza, si nakala ya leo pekee. Unaweza kuandika kumbukumbu, kupekua za mwaka jana, kulinganisha matoleo na kurudi nyuma, yote hayo bila intaneti. Mtandao huhitajika tu unapotaka kupeleka kazi yako kwa wenzako au kupokea ya kwao.

Hapo ndipo Git inapomfaa mtu wa Leparua. Kadiri mtu anavyouacha mji wa Isiolo nyuma kuelekea malishoni, ndivyo mawimbi ya simu yanavyopungua. Kwa mifumo ya zamani angekaa bure kungojea mtandao. Kwa Git atafanya kazi wiki nzima, aandike kumbukumbu kumi au ishirini, kisha siku ya kwenda sokoni azipeleke zote kwa dakika chache.

Vitufe badala ya amri

Git ilizaliwa ikiwa chombo cha kuandikiwa amri. Mtumiaji hufungua dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika maneno ya Kiingereza yenye vifupisho na vistari, na akikosea herufi moja hujibiwa kwa ujumbe unaomchanganya zaidi. Wengi walioanza kujifunza waliishia hapo.

Ndiyo maana zikatengenezwa programu za madirisha ambazo hukaa juu ya Git na kuifanya ionekane. Badala ya kuandika amri, unabonyeza kitufe kwa kipanya. Mstari ulioondolewa unauona kwa rangi nyekundu na ulioongezwa kwa kijani. Badala ya kusimuliwa historia, unaiona imechorwa kama mti wenye matawi.

Programu hizo ni nyingi. Git Gui na gitk huambatana na Git yenyewe unapoipakua kwa ajili ya Windows, wala hazihitaji akaunti yoyote. TortoiseGit, inayotumika katika Windows pekee, huingia ndani ya dirisha la kawaida la mafaili na kuweka alama ndogo juu ya kila faili kuonyesha lililobadilika. GitHub Desktop hutolewa bure na kampuni ya GitHub, iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5; matoleo yake rasmi ni ya Windows na Mac. Visual Studio Code, ambayo wengi huitumia kuandikia msimbo, nayo ina ukurasa wake wa kazi hii.

Anayetegemea vifurushi vya simu azipakue akiwa mjini. Git hula makumi ya megabaiti, na GitHub Desktop huzidi 100. Baada ya hapo kazi ya kila siku haina gharama kubwa, kwa kuwa kinachosafirishwa ni mabadiliko ya maandishi.

Hatua kwa hatua

Tuseme kijana wa Leparua anaandika programu ndogo ya kuweka hesabu ya mifugo wa kikundi cha wafugaji: waliozaliwa, waliouzwa, waliochanjwa na waliokufa. Anatumia GitHub Desktop. Vitufe vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, na vijana wa fani hii huvitamka komiti, pushi na puli. Maana yake ni nyepesi: komiti ni kuandika kumbukumbu daftarini, pushi ni kuipeleka kwa wengine, na puli ni kuleta ya wengine kwako.

Kwanza hujitambulisha kwa jina na anwani ya barua pepe. Hili halifanywi kwa adabu tu, kwani kila kumbukumbu atakayoiandika itabeba jina hilo. Ajue pia kwamba akichapisha kazi yake hadharani, anwani hiyo itaonekana na kila mtu. GitHub humpa anayetaka anwani mbadala ya kuficha ile halisi.

Pili huunda ghala, yaani folda ambayo Git itaifuatilia. Huchagua mahali pa kuliweka, hulipa jina, hubonyeza kitufe cha kuunda, na daftari limefunguliwa. Asilisogeze wala kulifuta folda dogo lililofichwa ndani yake, maana humo ndimo historia yote inamokaa.

Tatu huandika msimbo wake kama kawaida. Akirudi katika dirisha, ataona upande wa kushoto orodha ya mafaili yaliyobadilika, kila moja likiwa na kisanduku cha kutia alama. Akibonyeza jina la faili, upande wa kulia utaonyesha mistari iliyobadilika kwa rangi zake. Hatua hii asiiruke. Mara nyingi mtu hugundua hapa kwamba amefuta mstari asiokusudia kuufuta.

Nne huchagua mafaili yanayohusiana na jambo moja, na huandika maelezo mafupi. Maelezo mema hutaja kilichofanyika na sababu yake, kwa mfano: "Nimerekebisha jumla ya mbuzi, waliouzwa walikuwa wakihesabiwa mara mbili." Maelezo mabaya ni kama "marekebisho" au "kazi ya Jumanne", yasiyomsaidia yeyote baada ya mwaka. Hakuna sheria inayodai Kiingereza. Kikundi kinachozungumza Kiswahili na kiandike kwa Kiswahili.

Tano hubonyeza komiti. Kumbukumbu imeandikwa, na Git huipa kitambulisho kirefu, kwa kawaida cha tarakimu na herufi 40, ingawa madirisha huonyesha chache za mwanzo tu. Kitambulisho hicho hukokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na kumbukumbu zilizotangulia. Mtu akijaribu kuchakachua ukurasa wa zamani, vitambulisho vya kurasa zote zinazofuata hubadilika, na wenzake wenye nakala zao watajua.

Sita, akifika penye mtandao, hubonyeza pushi na kazi hupanda hadi katika ghala la mbali. Tangu Agosti 2021 GitHub haikubali tena neno la siri la kawaida kwa kazi hii, lakini programu ya madirisha humwondolea mtumiaji usumbufu huo: huingia mara moja kupitia kivinjari, kisha mengine hufanywa kimyakimya.

Pasipo mtandao kabisa

Liko jambo ambalo wengi hawalijui: ghala la mbali si lazima liwe Marekani. Linaweza kuwa katika diski ndogo ya mkononi inayoitwa flashi.

Katika Git Gui, mtumiaji hufungua menyu ya maghala ya mbali, huchagua kuongeza jipya, na mahali pa anwani huandika njia ya folda iliyo ndani ya flashi. Kisha huchagua kuliunda ghala hilo na kulipelekea kazi papo hapo. Mwenzake wa mji wa Isiolo akiipokea flashi hiyo, atanakili ghala zima pamoja na historia yake, ataongeza yake, na atairudisha. Hivyo watu wawili wanaweza kushirikiana kwa miezi kwa kupitishiana flashi kwa mkono wa msafiri.

Pana tahadhari moja. Tangu mwaka 2022 Git imekuwa ikikataa kufungua maghala ambayo haiwezi kuthibitisha mwenyewe ni nani, na flashi nyingi hazihifadhi taarifa hiyo. Likitokea hilo, ujumbe wa kukataa hueleza wenyewe namna ya kuliorodhesha folda hilo kuwa salama. Mtumiaji asidhani kwamba kazi yake imeharibika.

Mahali dirisha linapohadaa

Urahisi wa vitufe una hatari zake, na ni vyema zitajwe waziwazi.

Ya kwanza na kubwa ni kudhani kwamba komiti inatosha. Kitufe kikishabonyezwa, orodha ya mabadiliko husafishika na dirisha huonekana tulivu, mtu akafunga kompyuta akiamini kwamba kazi yake iko salama kwenye mtandao. La hasha. Kumbukumbu hiyo iko ndani ya kompyuta ileile. Ikiibwa, ikiloa au diski yake ikifa, daftari nalo huenda. Mpaka pushi ifanyike, hakuna nakala nyingine popote.

Ya pili ni kitufe cha kutupa mabadiliko. Git hukumbuka kile tu kilichoandikwa daftarini. Kazi ya mchana kutwa ambayo haijafanyiwa komiti haina kumbukumbu. Ikitupwa, baadhi ya programu huipeleka katika pipa la taka la kompyuta, na nyingine huifuta moja kwa moja. Dawa yake ni kuandika kumbukumbu mara kwa mara, kila sehemu ndogo ya kazi inapokamilika.

Ya tatu ni pushi ya kulazimisha. Programu nyingi huitoa kama chaguo pale ghala la mbali linapokataa kazi yako. Ghala hukataa kwa sababu kuna mwingine aliyetangulia kuweka ya kwake. Kulazimisha ni kuandika juu ya kazi ya mwenzako. Njia ya heshima ni puli kwanza, kisha pushi.

Ya nne inahusu siri, na ndiyo inayoweza kuumiza watu wasiohusika. Daftari halisahau. Mtu akiweka neno la siri au orodha ya majina ndani ya ghala, akagundua kesho yake na kuliondoa, toleo la jana bado limo katika historia, na yeyote mwenye nakala anaweza kulifungua. Neno la siri lililovuja hubadilishwa mara moja. Kulifuta tu hakusaidii.

Kwa mfano wetu wa Leparua, hili si jambo dogo. Orodha ya wafugaji yenye majina, nambari za simu na idadi ya ng'ombe ni taarifa za kibinafsi zinazolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, na mikononi mwa wezi wa mifugo ni ramani ya utajiri wa kila boma. Vilevile, katika nyanda zenye vifaru, faili inayoonyesha mahali mnyama alipopita ikiwekwa katika ghala lililo wazi kwa umma, jangili hahitaji tena mpelelezi. Kanuni ni moja: msimbo uingie daftarini, taarifa za watu na wanyama zikae nje. Git ina faili maalumu ya kuorodhesha visivyofuatiliwa, na katika GitHub Desktop unaibonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua ipuuzwe. Hilo lifanywe siku ya kwanza, kabla ya komiti ya kwanza.

Matawi na migongano

Daftari hili lina uwezo mwingine: kugawanyika. Mwandishi anayetaka kujaribu jambo jipya, kwa mfano kuongeza ngamia katika programu iliyotengenezewa ng'ombe na mbuzi, hufungua tawi. Humo hujaribu atakavyo huku shina likibaki zima na watu wakiendelea kulitumia. Jaribio likifaulu, tawi huunganishwa na shina. Likishindikana, huachwa. Tangu Oktoba 2020 GitHub imekuwa ikiliita shina la maghala mapya "main", na vitabu vya zamani vitakuonyesha "master". Ni kitu kilekile.

Matawi yanapounganishwa, Git hupatanisha yenyewe mistari isiyogusana. Lakini ikiwa watu wawili wamebadilisha mstari mmoja kwa namna mbili, Git husimama na kutangaza mgongano. Hapo wanaoanza hushikwa na hofu, wakafuta folda zima na kuanza upya.

Hakuna haja ya hofu hiyo. Mgongano si hitilafu bali ni swali: kati ya kauli hizi mbili, ipi ifuatwe? Programu za madirisha hupanga kauli hizo kandokando au moja juu ya nyingine, na mtumiaji huchagua ya kwanza, ya pili, au huandika ya tatu inayozijumuisha zote. Kompyuta haiwezi kujua iliyo sahihi. Ikiwa mmoja ameandika kwamba ndama huhesabiwa siku ya kuzaliwa na mwingine kwamba huhesabiwa akifika miezi mitatu, jibu haliko katika Git. Liko kwa wafugaji wenyewe, na wa kulifuata ni wao.

Wakenya waliotangulia

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya makampuni ya ughaibuni. Historia ya karibuni inakanusha hilo.

Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka katika ramani. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoikumba Haiti Januari 2010, programu iliyozaliwa kwa uchungu wa Kenya ilitumika huko. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hadi leo unapatikana katika GitHub, na yeyote anaweza kuunakili akausoma.

Mfano mwingine ni OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, na kuanza kutumika huko mwaka 2006. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu yake. Waandishi wa OpenMRS wametawanyika katika mabara kadhaa, na wengi wao hawajawahi kukutana. Kinachowaunganisha ni daftari la matoleo.

Utaratibu wao unafaa kujulikana na kijana yeyote. Asiyekuwa mwanachama hunakili ghala, hufanya rekebisho katika tawi lake, kisha hutuma ombi la kuunganishwa. Wenyeji husoma mstari kwa mstari, huuliza maswali, hukubali au hukataa, na kila neno la mjadala huo hubaki hapo kwa wazi. Akikubaliwa, jina lake huingia katika historia ya mfumo huo. Mwajiri anayetaka kujua kama kijana huyo anaiweza kazi hana haja ya kuamini cheti pekee. Anafungua daftari na kujisomea.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha wanafunzi uandishi wa programu. Ingefaa kila mwalimu wa somo hilo aanze kuwazoeza wanafunzi kuweka daftari tangu programu yao ya kwanza, hata ikiwa ya mistari kumi. Tabia ya kuandika kumbukumbu ni rahisi kuijenga mapema na ngumu kuipandikiza baadaye.

Je, amri ziachwe?

Wako mafundi wanaodharau vitufe na kudai kwamba fundi wa kweli huandika amri. Dharau hiyo haina msingi. Daftari linaloandikwa ni lilelile, na hakuna atakayeisoma historia akajua kama kumbukumbu fulani iliandikwa kwa amri au kwa kipanya. Isitoshe, kuona mistari kwa rangi kabla ya kuthibitisha huokoa makosa ambayo hata mafundi hao huyafanya.

Pamoja na hayo, vitufe havifiki kila mahali. Kompyuta kubwa zinazohifadhi tovuti mara nyingi hazina madirisha kabisa, na liko tatizo gumu la mara mojamoja ambalo ufumbuzi wake hupatikana kwa amri pekee. Anayekusudia kuifanya kazi hii kuwa riziki na ajifunze amri chache za msingi baada ya kuzoea dirisha. Atazielewa upesi, kwa sababu tayari anajua kila moja inafanya nini. Kilichobadilika ni namna ya kuiagiza.

Kinachohitajika kwanza ni kuelewa mambo matatu: kwamba kumbukumbu ambayo haijaandikwa haipo, kwamba iliyoandikwa bila kupelekwa iko mahali pamoja tu, na kwamba iliyopelekwa haifutiki kwa urahisi. Mwenye kuyashika hayo atafanya kazi kwa utulivu, awe Nairobi penye intaneti ya kasi au Leparua chini ya mgunga, betri ikiwa nusu na mtandao ukingojewa mpaka siku ya soko.